Proton Mail, Tuta au mailbox.org: Kuchagua Barua Pepe ya Faragha Ukiwa Nairobi

Anayetaka kuhama Gmail kwa sababu ya faragha hukutana upesi na majina matatu: Proton Mail ya Geneva, Tuta ya Hannover na mailbox.org ya Berlin. Zote zimekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi, hazina matangazo na zinaendeshwa kwa pesa za wateja wanaolipia. Ukiuliza tu ipi ni salama zaidi, utazunguka sana. Tofauti zitakazokusumbua hujitokeza siku umesahau neno la siri, siku kadi imekataa kulipa, au siku karani wa ofisi fulani amegoma kubofya kiungo ulichomtumia.

Kuna jambo la kuelewa kabla hujalinganisha chochote. Barua kutoka KRA, eCitizen, benki au shule ya mtoto hutumwa kwa njia ya kawaida. Njiani hulindwa kati ya seva na seva, lakini seva ya kampuni yako huipokea ikiwa wazi kwa muda mfupi, kisha ndipo huifungia. Nakala iliyobaki kwa mtumaji haiguswi. Vilevile, ukimwandikia mtu wa Gmail barua ya kawaida, Google inayo nakala yako upande wake. Huduma hizi hulinda kikasha chako na kilichohifadhiwa humo. Mazungumzo yenyewe hufungwa pande zote mbili pale tu unapoandikiana na mtu wa huduma hiyohiyo, au mnapotumia njia maalumu zilizoelezwa hapa chini.

Vigezo tulivyotumia ni hivi: kinachosimbwa (yaani kufungwa kwa ufunguo wa siri) na kinachobaki wazi, sheria ya nchi ilipo kampuni, kinachotokea ukipoteza neno la siri, utumiaji kwenye simu na kompyuta za huku, bei na namna ya kulipa, na uwezo wa kutumia domeini yako mwenyewe, yaani jina lako la mtandaoni linalofuata alama ya @. Posteo, nayo ya Berlin, itatajwa kwa ufupi pale inapostahili.

Kinachosimbwa na kinachobaki wazi

Proton husimba maandishi ya barua na viambatisho kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haiwezi kuutumia. Kichwa cha barua (mstari wa mada, subject), mtumaji, mpokeaji na saa hazimo kwenye ulinzi huo. Kwa wakili au daktari hili si dogo. "Matokeo ya kipimo cha HIV" yakiandikwa kwenye kichwa, siri imeshatoka hata kama kiambatisho kimefungwa barabara. Andika "Nyaraka za Jumanne", mengine yaweke ndani.

Tuta inakwenda hatua moja zaidi kwa kusimba kichwa cha barua, orodha ya watu unaowasiliana nao na kalenda. Anwani za mtumaji na mpokeaji pamoja na tarehe hubaki kuonekana, kwani bila hizo barua haiwezi kufika. Tangu Machi 2024 Tuta pia hutumia usimbaji uliokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta za siku zijazo, ambazo huenda zikavunja usimbaji wa sasa. Hilo halitambadilishia Mkenya wa kawaida siku yake, ila linaonyesha mahali kampuni inapoweka nguvu zake.

mailbox.org ni ya aina nyingine. Bila wewe kufanya lolote, barua zako zimekaa kwenye seva zao kama zinavyokaa kwa kampuni yoyote nzuri ya barua pepe: zinalindwa dhidi ya wezi, lakini kampuni ina uwezo wa kuzifungua. Ukitaka zaidi, unawasha PGP, mfumo wa kusimba barua kwa funguo, kwenye mipangilio, na kila barua inayoingia hufungwa kwa ufunguo wako. Ufunguo huo unaweza kukaa kwenye seva yao, au kwenye kompyuta yako kupitia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ambayo tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina PGP ndani yake. Njia ya pili ni imara zaidi, na inadai kazi zaidi. Ni kama tofauti ya nyumba ambayo mtunza ploti ana ufunguo wa akiba na nyumba ambayo hana. Kila moja ina faida yake, kama utakavyoona kwenye suala la neno la siri.

Kwa kumwandikia mtu wa nje, Proton na Tuta zote hukuruhusu kutuma barua yenye neno la siri. Mpokeaji hupata kiungo, anakibofya, anaandika neno mlilokubaliana, anasoma. Kiufundi njia hii haina tatizo. Kwa maisha ya ofisi za Nairobi ina kasoro: wafanyakazi wameonywa mara nyingi wasibofye viungo wasivyovijua, na barua yako inafanana kabisa na ya tapeli. Piga simu kwanza, useme barua inakuja na utaje neno la siri kwa mdomo. Usilitume kwa barua ya pili, maana atakayeiona moja ataziona zote mbili. Kwa Proton, barua ya namna hii hufutika baada ya siku 28 usipopanga muda mwingine, kwa hiyo mwambie mpokeaji aipakue mapema.

Proton hutumia OpenPGP, kiwango cha wazi cha PGP, hivyo inaelewana na mtu wa mailbox.org, Posteo au Thunderbird mwenye ufunguo wa PGP. Tuta ina mfumo wake wa pekee na haiingiliani na PGP. Ikiwa wenzako wa kazi wana funguo za PGP tayari, Tuta imejiondoa kwenye orodha yenyewe.

Sheria na mahakama

Hakuna kampuni hapa iliyo juu ya sheria ya nchi yake, na matukio ya wazi yapo. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa na mamlaka ya Uswisi kurekodi anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa mtandao) ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba ilitoa anwani ya akiba iliyowekwa kwenye akaunti katika kesi ya Uhispania, na anwani hiyo ilikuwa ya Apple, kwa hiyo uchunguzi ukaendelea huko. Mwishoni mwa 2020, mahakama ya Cologne iliiamuru Tuta, wakati huo ikiitwa Tutanota, iweze kufuatilia barua mpya zisizosimbwa za akaunti moja. Nayo Posteo ilishindwa mbele ya Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika uamuzi uliotangazwa Januari 2019, kuhusu kutoa anwani za IP.

Tazama kilichotolewa: anwani za IP, anwani ya akiba, barua mpya zilizoingia wazi. Barua zilizokwisha kusimbwa hazimo, kwa sababu kampuni haikuwa na cha kuzifungulia. Ukiweka Gmail yako yenye jina kamili kama anwani ya akiba ya akaunti ambayo hutaki ijulikane ni yako, umeziunganisha wewe mwenyewe.

Sheria ya Uswisi hairuhusu kampuni kukabidhi data moja kwa moja kwa polisi wa nchi nyingine. Ombi lazima lipitie mamlaka za Uswisi. Kwa mwandishi wa habari za uchunguzi hilo lina uzito. Kwa mtu anayekimbia matangazo tu, Uswisi na Ujerumani ni sawa.

Upande wa Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfunga anayeshika taarifa za watu wengine. Kliniki, shule au ofisi ya wakili inayopeleka data nyeti kwenye seva za nje ya nchi inahitaji ridhaa ya mwenye data na uthibitisho kwamba kuna ulinzi wa kutosha huko. Kampuni zote tatu ziko nje ya nchi, kama ilivyo Gmail. Weka mkataba wa uchakataji wa data kwenye faili, na ridhaa iandikwe kwenye fomu ya mteja tangu siku ya kwanza.

Ukipoteza neno la siri

Hapa ndipo watu wengi hulia, kwa hiyo soma polepole.

Kwa Tuta, siku ya kufungua akaunti hupewa msimbo mrefu wa kurejesha. Ukipoteza neno la siri na msimbo huo, akaunti imekwenda na barua zake, na huduma kwa wateja haiwezi kukusaidia. Uandike kwenye karatasi, nakala mbili, moja iwe nje ya nyumba unayolala. Kupiga picha skrini na kuiacha kwenye simu hakusaidii simu ikinyakuliwa Mtaa wa Tom Mboya.

Proton ina ngazi mbili, na wengi hawazitofautishi. Kurejesha akaunti kwa anwani ya akiba au namba ya simu hukurudisha ndani, lakini barua za zamani hubaki zimefungwa. Za zamani hufunguliwa kwa maneno 12 ya kurejesha au faili ya kurejesha, ambavyo lazima uwe umevitoa mapema kwenye mipangilio. Weka namba ya simu ukijua jambo moja: laini isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, na wizi wa kubadilisha laini upo. Maneno 12 kwenye karatasi ni bora kuliko laini.

mailbox.org husamehe zaidi. Kwa kuwa barua hazijafungwa kwa neno lako la siri, likipotea unaweza kuliweka upya kwa njia ya akiba uliyoiandikisha, na barua zote zipo. Ila ukiwa umewasha PGP, ufunguo wake una neno lake la siri, na hilo likipotea hakuna wa kukufungulia.

Zote tatu zina uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya misimbo ya simu, hata kwa akaunti za bure za Proton na Tuta. Washa siku hiyohiyo, na hifadhi misimbo ya dharura pamoja na ile karatasi.

Simu, kompyuta na bando

Ukitumia Tecno, Infinix au Itel, jihadhari na Tuta. Programu yake ya Android haitumii mfumo wa arifa wa Google. Ina njia yake inayofanya kazi chinichini. Simu hizi zina tabia kali ya kuua programu za chinichini ili kubana betri, na matokeo yake ni kimya: barua zimefika, simu haijalia. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta Tuta, ondoa vizuizi, kisha ruhusu ijiwashe yenyewe. Usipofanya hivyo utafikiri huduma ni mbovu. Proton hutumia arifa za Google, hivyo simu nyingi hulia bila kubembelezwa. Kwa mtu aliyeondoa huduma za Google kwenye simu yake, hali inageuka na Tuta ndiyo inayolia.

Kwenye kompyuta, Tuta haina IMAP kabisa, njia ya kawaida ya kusoma barua kwa programu kama Outlook au Thunderbird. Unatumia tovuti yao au programu yao ya Windows, Mac na Linux. Proton ina programu iitwayo Bridge inayounganisha na Thunderbird au Outlook, kwa wanaolipia tu, na lazima iwe inakimbia muda wote kompyuta imewaka. mailbox.org huingia popote: imap.mailbox.org kwa poti 993, smtp.mailbox.org kwa poti 465, zote kwa SSL/TLS. Ofisi yenye Outlook ya miaka mingi na mhasibu asiyetaka mabadiliko itaelewana na mailbox.org asubuhi moja.

Kutafuta barua za zamani kuna gharama ya bando ambayo haisemwi. Kwa sababu seva haiwezi kusoma maandishi, Proton na Tuta hutafuta ndani ya barua kwa kuzipakua na kutengeneza faharasa kwenye kifaa chako. Fanya kazi hiyo ya kwanza kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ofisini. Tuta ya bure hutafuta wiki nne za nyuma tu. Kwa mailbox.org seva ndiyo inayotafuta, bando halihisi kitu.

Na saiba? Kuingia kwenye akaunti yako kwenye kompyuta ya saiba ili kuchapisha cheti cha PIN ni kumkabidhi mwenye kompyuta neno la siri, kama ana nia mbaya. Kutuma kitambulisho chako kwenye Gmail ya saiba nako huacha nakala kwao, haijalishi umetuma kutoka wapi. Beba faili kwenye flashi, uchapishe, ondoka nayo.

Bei na namna ya kulipa

Bei hubadilika, kwa hiyo chukua hizi kama vipimo. Proton ya bure hutoa hadi GB 1, anwani moja na barua 150 kwa siku. Mail Plus ni kama euro 4 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, GB 15 na anwani 10. Tuta ya bure nayo ni GB 1, kwa matumizi binafsi pekee, biashara hairuhusiwi. Mpango wao wa Revolutionary ni euro 3 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, GB 20 na anwani 15 za ziada. mailbox.org haina ya bure ya kudumu, ila siku 30 za kujaribu, kisha euro 1 hivi kwa mpango mdogo wa GB 2 au euro 3 hivi kwa ule wa GB 10. Posteo ni euro 1 kwa mwezi kwa GB 2. Ukihesabu euro kwa shilingi 150, unazungumzia kati ya shilingi 150 na 600 kwa mwezi.

Angalia pia akaunti za bure zinazolala: Tuta hufuta isiyofunguliwa kwa miezi sita, Proton kwa miezi kumi na miwili. Akaunti ya bure si kabati la kuhifadhia hati za shamba.

Kulipa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard hakuna shida. Asiye na kadi anaweza kufungua kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay kwenye programu ya M-Pesa. Namba yake ya CVV ni ya muda mfupi, na pesa lazima ziwepo kwenye M-Pesa wakati wa kukatwa, kwa hiyo malipo ya kujirudia kila mwezi hukwama kirahisi. Lipa mwaka mzima kwa mkupuo, uweke ukumbusho wiki mbili kabla ya tarehe. PayPal inakubalika kote na unaweza kuijaza kutoka M-Pesa, ingawa makato ya kubadilisha sarafu yanauma.

Njia zote hizo zina jina lako. Anayetaka akaunti isiyomhusisha kwa lolote abaki kwenye ya bure, au atazame Proton na Posteo ambazo hupokea pesa taslimu kwa posta, safari ndefu kidogo kutoka Nairobi.

Domeini yako

Mwaka 2024 huduma ya faragha iitwayo Skiff ilinunuliwa na Notion mwezi wa Februari, na ndani ya miezi sita ikafungwa. Waliokuwa na domeini zao walihamia kwingine na anwani ileile. Wengine walianza kuwapigia simu wateja.

Domeini ya .co.ke hununuliwa kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, msajili wa domeini za .ke. Hakikisha imeandikishwa kwa jina lako au la kampuni, si la kijana aliyekutengenezea tovuti; migogoro mingi ya barua pepe za biashara ndogo huanzia hapo. Proton Mail Plus inaruhusu domeini moja, Tuta Revolutionary tatu, mailbox.org inaruhusu kuanzia mpango wa GB 10. Posteo hairuhusu kabisa.

Makosa ya kuunganisha hujirudia. La kwanza ni kuacha rekodi za MX (zinazoonyesha barua ziende seva gani) za zamani pamoja na mpya, ndipo barua zinagawanyika, nusu huku nusu kule. La pili ni kuwa na rekodi mbili za SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yako. Inatakiwa moja tu, na kwa Proton ndani yake kuna include:_spf.protonmail.ch, kama tovuti yako nayo hutuma barua, ziunganishe kwenye mstari mmoja. La tatu ni kusahau DKIM na DMARC, rekodi zinazothibitisha kwamba barua ni yako kweli, kisha kushangaa kwa nini nukuu za bei zinaangukia kwenye taka za wateja wa Gmail. Mabadiliko ya DNS (rejista ya mtandaoni zinamokaa rekodi hizi) yanaweza kuchukua hadi siku mbili, kwa hiyo fanya Ijumaa jioni.

Uchague nini, kwa hali gani

Mtu binafsi anayetoka Gmail, hana uzoefu wa kiufundi, simu ni ya kawaida: Proton ya bure itakuwa nyepesi, na chombo chao cha Easy Switch huvuta barua za Gmail. Toa maneno 12 kabla ya yote.

Mnaandikiana nyote kikundi kimoja, labda chama au shirika dogo la haki, na mnataka hata vichwa vya barua vifungwe: Tuta. Hakikisheni kila mmoja ana msimbo wake kwenye karatasi, na rekebisheni mipangilio ya betri kwenye simu za wote siku moja.

Ofisi yenye Outlook au Thunderbird, kalenda za pamoja na wafanyakazi wanaosahau maneno ya siri kila robo mwaka: mailbox.org. PGP iwe kwa wale wawili watatu wanaoshughulikia faili nyeti.

Mwandishi wa habari mwenye vyanzo vya nje vinavyotumia PGP: Proton kwa urahisi, au mailbox.org pamoja na Thunderbird kama unataka ufunguo usiondoke kwenye kompyuta yako. Kwa chanzo ambaye hata kujulikana kwamba mmewasiliana ni hatari, barua pepe si chombo chake. Tumia Signal.

Anayetaka anwani ya bei ndogo, yenye IMAP, bila domeini: Posteo.

Kwa yeyote anayehama, usifute Gmail ya zamani. Simu yako ya Android inaitegemea kwa Play Store, na Google hufuta akaunti iliyolala miaka miwili, hivyo ingia mara mojamoja. Badilisha anwani kwa mpangilio huu: benki na SACCO kwanza, kisha iTax, eCitizen, SHA na HELB, moja kwa siku, ukithibitisha kila mara kwamba barua ya majaribio imefika kabla ya kwenda kwa inayofuata. Anwani ya iTax ukiikosea herufi moja, barua ya kuweka upya neno la siri itakwenda kwa mtu usiyemjua, na kuirekebisha kunaweza kukupeleka hadi kaunta ya KRA pale Times Tower.